Mzigo Mmoja kwa Mpagazi Mmoja: Zana za Mtandaoni na Michoro ya Afya Darasani

Katika karne ya 19, msafara uliotoka Bagamoyo kuelekea Ujiji ulipita Mpwapwa na Ugogo, kisha ukapumzika Unyanyembe, katika viunga vya mji unaoitwa leo Tabora. Wapagazi, wengi wao wakiwa Wanyamwezi, walibeba mizigo ya takriban kilo 30 kila mmoja. Mzigo ulipimwa na kufungwa vizuri kabla ya safari, kwa sababu mpagazi aliyezidishiwa hakuweza kufika, na bidhaa alizobeba zingeishia porini. Hekima hiyo ya njia ya kale inafaa kurejewa leo katika madarasa ya vyuo vya afya vya magharibi mwa Tanzania. Humo mwanafunzi wa uuguzi au utabibu anaweza kuketi mbele ya kompyuta, akafungua zana ya mtandaoni, na kwa muda wa kipindi kimoja akatengeneza bango la malaria lenye rangi kumi, picha ishirini na maneno mia mbili. Bango hilo litapendeza machoni. Haijulikani bado kama litafikisha kilichobebwa.

Mchoro wa aina hiyo, ambao baadhi ya walimu huuita infografia, ni ukurasa mmoja unaounganisha picha, takwimu na maneno machache ili mtazamaji alielewe jambo bila kusoma kitabu kizima. Zana za kuutengeneza ni nyingi. Canva ilizinduliwa Australia mwaka 2013. Piktochart ilizaliwa Malaysia, Infogram Latvia, na Datawrapper Ujerumani. Walimu wanapozijadili, maswali huwa ni yale yale: ipi ina violezo vingi, ipi ni ya bure, ipi ni rahisi kwa asiyejua kuchora. Maswali hayo ni ya haki, ila yameanzia mwisho. Zana ya kuchorea ujumbe wa afya ingefaa ichaguliwe kwa kuanzia kwenye ukuta wa zahanati na kurudi nyuma hadi kwenye kioo cha kompyuta. Anayestahili kufikiriwa kwanza ni mama aliyeketi kwenye benchi na mtoto mwenye homa, kisha muuguzi atakayemwonyesha bango kwa kidole, kisha karatasi litakapochapishwa, na mwisho kabisa programu.

Michoro katika kazi ya tiba

Michoro ya afya ilikuwapo kabla ya intaneti. Mwaka 1854, daktari John Snow aliandika juu ya ramani ya mtaa mmoja wa London nyumba zilizopata vifo vya kipindupindu, na ramani ikaonyesha jinsi vifo vilivyokusanyika karibu na bomba moja la maji. Mwaka 1858, Florence Nightingale alichora mduara uliogawanyika katika vipande kuonyesha kuwa askari wengi wa Uingereza katika vita vya Crimea waliuawa na maradhi yaliyozuilika kuliko majeraha. Jambo linalosahaulika kuhusu mchoro huo ni kwamba Nightingale aliweka maelezo pembeni yake yanayomwambia msomaji namna ya kuusoma: kila kipande kipimwe kwa eneo lake, kuanzia katikati ya mduara. Hakuuacha uzuri wa mchoro ujieleze wenyewe.

Afrika Mashariki nayo ina sehemu yake katika historia hiyo. James Christie, tabibu aliyefanya kazi Zanzibar, alichapisha London mwaka 1876 kitabu kuhusu milipuko ya kipindupindu katika eneo hili. Alichokifanya ni kufuata ugonjwa kupitia njia za biashara, akitegemea kwa kiasi kikubwa habari za wafanyabiashara na wasafiri wa misafara waliojua bara kuliko yeye. Kwa maneno mengine, watu wa njia ile ile iliyopita Tabora ndio waliokuwa na takwimu. Tabibu alizipanga ili zieleweke. Uhusiano huo haujabadilika. Anayechora hutegemea wanaojua njia, na asipowauliza huchora njia isiyokuwepo.

Wahudumu wa afya wa leo pia hushika michoro kila siku bila kuiita jina la kigeni. Kadi ya kliniki ya mtoto yenye mistari ya ukuaji ni mchoro wa takwimu. Partografu, ambayo Philpott na Castle waliieleza mwaka 1972 kutokana na kazi yao katika nchi inayoitwa leo Zimbabwe, ni mchoro unaomsaidia mkunga kutambua mapema uchungu unaochelewa. Utepe wa kupima mzingo wa mkono wa mtoto, wenye nyekundu chini ya sentimita 11.5, njano kuanzia hapo hadi sentimita 12.5, na kijani juu yake, ni mchoro unaofungwa mkononi. Vyote vitatu vina sifa moja: kila kimoja hubeba ujumbe mmoja na kumwelekeza mtumiaji kwenye uamuzi mmoja. Hiyo ndiyo kanuni ya mzigo mmoja kwa mpagazi mmoja, na ndiyo ambayo violezo vya mtandaoni huivunja kwa urahisi zaidi, kwa kuwa vimejaa visanduku vinavyomwalika mwanafunzi avijaze vyote.

Saa nane ya nani?

Mfano mmoja unatosha kuonyesha kinachoweza kupotea. Dawa mseto ya malaria, ALu, hutolewa kwa uzito. Kwa vidonge vya kawaida, vyenye miligramu 20 za artemether na 120 za lumefantrine, mgonjwa wa kilo 5 hadi chini ya 15 hupewa kidonge 1 kwa kila dozi. Wa kilo 15 hadi chini ya 25 hupewa 2. Wa kilo 25 hadi chini ya 35 hupewa 3. Na wa kilo 35 au zaidi hupewa 4. Dozi ni sita kwa siku tatu. Ya pili humezwa baada ya muda wa saa nane tangu ile ya kwanza, na zinazofuata ni asubuhi na jioni kwa siku mbili zilizobaki.

Mwanafunzi akiambiwa achore ratiba hiyo kwa zana ya mtandaoni, atatafuta picha ya saa. Zana itampa saa ya ukutani, au kisanduku chenye tarakimu 8:00. Ataandika chini yake: "Dozi ya pili: saa 8." Kwa aliyefikiri kwa Kiingereza, maneno hayo yamekamilika. Kwa msomaji wa Tabora, Nzega au Kaliua, saa 8 ni saa nane, na saa nane ni mchana baada ya adhuhuri, au ni usiku wa manane. Picha yenye tarakimu 8:00, kwa upande wake, yeye huisoma saa mbili. Bango moja limempa nyakati mbili, na hakuna hata moja iliyokusudiwa.

Madhara yake yanaweza kuhesabiwa. Mtoto aliyeanza dawa saa 4 asubuhi anapaswa kumeza dozi ya pili saa 12 jioni. Mama akifuata "saa 8", atampa saa nane mchana, baada ya muda wa saa nne tu. Mtoto mwingine aliyeanza dawa saa 9 alasiri anapaswa kupewa dozi ya pili saa 5 usiku. Mama yake akisubiri saa nane ya mchana inayofuata, zitakuwa zimepita saa 23, na katika muda huo vimelea vya malaria havikuwa vikisubiri. Mama huyo hatakuwa amekaidi maagizo. Atakuwa ameyatii kama yalivyoandikwa.

Dawa ya kosa hilo ni rahisi, ila haimo katika violezo. Bango linaweza kuonyesha mfano kamili, dozi ya kwanza saa 4 asubuhi na ya pili saa 12 jioni, likiwa na jua la asubuhi na jua linalotua. Bora zaidi, liache nafasi mbili tupu ambazo muuguzi atazijaza kwa kalamu kwenye nakala ya kila mgonjwa. Nafasi tupu huonekana kasoro kwa mtu anayetafuta urembo wa ukurasa. Kwa mgonjwa ndiyo sehemu muhimu kuliko zote, maana ndiyo inayomhusu yeye na mtoto wake peke yao. Kwa hiyo swali la kwanza kuhusu zana yoyote liwe hili: je, inamruhusu mwanafunzi kufuta alichopewa na kiolezo, akachora jua lake na kuacha nafasi yake? Zana inayokubali hilo ni ya kufundishia. Isiyokubali itamfundisha mwanafunzi kutii kiolezo.

Mbu mkubwa kuliko takwimu

Miongoni mwa waelimishaji wa afya husimuliwa hadithi ya zamani kuhusu mkufunzi aliyepeleka kijijini picha ya mbu iliyokuzwa mno. Alipomaliza kueleza, wanakijiji walimshukuru na kumpa pole kwa mbu wa kwao, kwani wao hawakuwa na mbu wakubwa kiasi hicho. Hadithi huchekesha, lakini zana za kisasa zinairudia kila siku kwa njia ya takwimu.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 kuhusu idadi ya watu, afya na viashiria vya malaria ulionyesha kuwa takriban asilimia 8 ya watoto wa miezi 6 hadi 59 waliopimwa Tanzania walikuwa na vimelea vya malaria. Katika mkoa wa Tabora kiwango kilikuwa takriban asilimia 23, cha juu kuliko mikoa yote. Hii ni habari nzito kwa mkoa wenye zaidi ya watu milioni 3, na inastahili mchoro. Mwanafunzi anayetumia zana ya mtandaoni atachagua picha ya mbu, ataiweka ndogo kwa taifa na kubwa kwa Tabora. Tabora imezidi taifa karibu mara tatu, hivyo ataurefusha mchoro wa mbu mara tatu. Lakini programu humpanua mbu kwenda pembeni pia ili asipoteze umbo, na eneo lake kwenye karatasi huwa zaidi ya mara nane. Jicho la mtazamaji hupima eneo zima. Takwimu imesema mara tatu, picha imesema mara nane.

Nguzo nazo zina mtego wake. Zikianzia kwenye 5 badala ya 0, nguzo ya taifa hubaki na urefu wa 3 na ya Tabora urefu wa 18, na tofauti ya karibu mara tatu hugeuka kuwa mara sita. Kisha kuna neno linalosahaulika chini ya mchoro: asilimia ya nani? Asiyeambiwa kuwa waliopimwa ni watoto wadogo ataamini kwamba karibu robo ya watu wote wa Tabora ni wagonjwa. Ataiogopa ardhi yake, au ataona malaria ni hali ya kawaida isiyofaa kuhangaikiwa. Yote mawili hayamsaidii kutumia chandarua wala kumwahisha mtoto kwenye kipimo.

Ndiyo maana darasa linapochagua zana kwa ajili ya takwimu, lipime kama inatoa nguzo zinazoanzia sifuri, kama inaruhusu kuandika tarakimu juu ya kila nguzo, na kama ina nafasi ya kutosha ya maelezo ya chini yenye mwaka, chanzo na watu waliopimwa. Zana kama Datawrapper, iliyoundwa kwa ajili ya takwimu kuliko urembo, inaweza kuwa na sura kavu. Kwa kazi hii ukavu wake ni fadhila. Kwa upande mwingine, bango la kunawa mikono lisilo na takwimu yoyote halina haja ya zana ya takwimu. Hapo zana yenye picha nzuri inatosha.

Kutoka kwenye kioo hadi ukutani

Baada ya ukweli wa ujumbe huja uwezekano wa kuufikisha. Zana nyingi za mtandaoni hufanya kazi vyema mahali penye intaneti isiyokatika na kadi ya benki inayolipa kwa dola. Katika chuo chenye kompyuta chache, ambako wanafunzi hununua bando kwa fedha zao wenyewe, ngazi ya bure ya zana hizo ndiyo wanayoweza kuitegemea. Ngazi hiyo mara nyingi huwekewa mipaka: idadi ya kazi zinazoweza kupakuliwa, chapa ya kampuni inayopita juu ya mchoro, au ubora mdogo wa picha ambao huonekana safi kwenye simu na kufifia kwenye karatasi ya ukutani. Canva hutoa huduma ya bure kwa walimu, lakini huduma hiyo imelenga shule za msingi na sekondari. Mkufunzi wa chuo asiianze kazi ya muhula kwa kudhani kuwa mlango huo umefunguliwa kwake.

Kisha kuna suala la karatasi. Mabango mengi ya zahanati hufika yakiwa nakala ya nakala, iliyotolewa na mashine ya rangi nyeusi na nyeupe. Nyekundu na kijani, zilizotofautisha hatari na usalama kwenye kioo, hutoka zote zikiwa kijivu. Hata pale rangi zinapobaki, wapo watu ambao macho yao hayatofautishi rangi hizo mbili. Kila rangi yenye maana ingefaa ifuatane na neno au umbo: pembetatu kwa hatari, duara kwa usalama. Kipimo chake ni dakika moja tu ya kudurufu rasimu kwa nyeusi na nyeupe na kuitundika upande wa pili wa chumba.

Jambo la tatu ni uhai wa bango. Miongozo ya tiba hubadilika. Nchini Tanzania, klorokwini iliacha kuwa dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001, ikafuatiwa na SP, na mwishoni mwa 2006 ikaanza kutumika ALu. Katika muda wa miaka mitano hivi, bango la dawa ya malaria lililokuwa sahihi lilikuwa limepitwa na wakati mara mbili. Bango lisilo na tarehe halimwambii msomaji kama ni la zamani au jipya, na bango lililofungwa ndani ya akaunti ya mkufunzi aliyehamishwa haliwezi kusahihishwa na mtu mwingine. Chuo kinapochagua zana, kiulize nani atakuwa na faili la kazi baada ya miaka mitatu, na kama faili hilo linaweza kufunguliwa bila kulipia. Akaunti iwe ya idara badala ya mtu, na nakala inayoweza kuhaririwa ihifadhiwe kwenye kompyuta ya chuo.

Hapo ndipo programu zisizohitaji intaneti zinapostahili heshima ambayo mara nyingi hunyimwa. LibreOffice ni ya bure, na ukurasa wake wa maonyesho unaweza kuwekwa ukubwa wa bango, ukachapishwa na kuhifadhiwa bila akaunti yoyote. Ndugu yake mkubwa, OpenOffice, alipewa lugha ya Kiswahili mwaka 2004 na mradi wa Kilinux uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, chini ya jina la Jambo OpenOffice. Kazi hiyo ilithibitisha mapema kwamba Mswahili hahitaji kuomba radhi kwa kutaka kompyuta imzungumzie lugha yake. Inkscape, nayo ya bure, humpa mchoraji uhuru mkubwa zaidi, ingawa huhitaji siku kadhaa za kujifunza.

Jambo la nne ni siri ya mgonjwa. Mwanafunzi anayepakia jedwali lenye majina, namba za faili au picha za wagonjwa kwenye zana ya mtandaoni huzipeleka kwenye kompyuta zilizo nchi nyingine, na baadhi ya ngazi za bure huiweka kazi hadharani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, imeyaweka mambo haya chini ya wajibu wa kisheria. Lakini hata pasipo sheria, kiapo cha taaluma kinatosha. Darasa litumie takwimu zilizojumlishwa au takwimu za mfano, na picha za wagonjwa zisiguswe kabisa.

Hoja za upande wa pili

Wanaotetea zana za violezo wana hoja zisizofaa kupuuzwa. Husema kwamba mkufunzi ana mtaala mzito na muda mchache, na kiolezo humwondolea kazi ya kupanga ukurasa. Hilo ni kweli, na hakuna sababu ya kumlazimisha kila muuguzi awe msanii. Kiolezo kinafaa kupanga kurasa. Hakifai kuamua kitakachosemwa. Husema pia kwamba bango zuri huvuta macho, na bango baya halitazamwi. Ni kweli vilevile. Hata hivyo uzuri wa bango la zahanati hupimwa kwa mgonjwa aliyelitazama akaondoka akijua la kufanya. Picha za watu wenye makoti ya baridi, jikoni zenye majiko ya umeme na vyoo vya kukalia, ambazo hujaa katika maktaba za zana hizo, huvuta macho, kisha humwambia mtazamaji kuwa habari hii ni ya watu wengine.

Wapo pia wanaosema kwamba akili unde imeyamaliza matatizo haya, kwani mtu huandika ombi na picha hutokea. Teknolojia hiyo inaweza kumsaidia mwalimu kupata rasimu ya haraka. Lakini picha zake bado zinaweza kuwa na maandishi ya Kiswahili yaliyokosewa herufi, mkono wenye vidole visivyo sawa, au sindano iliyoshikwa vibaya, na yote hayo huja yakiwa yamepambwa kwa namna inayomfanya mwanafunzi asiyaone. Kadiri zana inavyorahisisha kuchora, ndivyo kazi ya kuhakiki inavyopaswa kuongezeka.

Hoja yenye nguvu zaidi ni ya ajira: mhitimu anayejua Canva atakuwa na ujuzi unaotakiwa katika miradi na ofisi. Hakuna anayepaswa kumnyima ujuzi huo. Anaweza kujifunza zana mbili katika muhula mmoja, moja ya mtandaoni na moja isiyohitaji mtandao, na kulinganisha matokeo yake. Atakayejua sababu ya kuchagua hii na kuiacha ile atakuwa na ujuzi utakaodumu hata kampuni zote hizo zikibadilisha bei au zikifunga milango.

Mtihani wa benchi

Tatizo la mwisho liko katika alama. Ikiwa bango la mwanafunzi linapewa maksi kwa mpangilio, rangi na idadi ya vipengele, basi mwanafunzi mwenye akili atatafuta zana inayozalisha mpangilio, rangi na vipengele. Hana kosa, amefuata alichoulizwa. Vyuo vikitaka michoro inayofika, vibadilishe swali. Angalau nusu ya maksi ya kazi ya aina hii ingetolewa baada ya mtihani wa benchi: mwanafunzi, kwa idhini ya kituo na ya wahusika, awaonyeshe rasimu yake watu watatu wasio wa fani ya afya, akae kimya, kisha awaombe waeleze kwa maneno yao bango linataka wafanye nini. Mmoja wao awe mtu asiyesoma kwa urahisi, na mmoja awe mtu ambaye lugha yake ya kwanza ni Kinyamwezi, Kisukuma au Kiha. Mwanafunzi aandike walichosema, kisha asahihishe na kuwasilisha rasimu zote mbili. Maksi ziende kwenye tofauti kati ya rasimu ya kwanza na ya pili.

Mtihani huo haudai bando wala kadi ya benki. Unadai unyenyekevu, na huutoa mafunzo ambayo hakuna zana inayoweza kuyatoa. Mwanafunzi atagundua kwamba mshale aliodhani uko wazi ulisomwa kinyume; kwamba alama ya mkato iliyokusudiwa kukataza jambo haina maana kwa mtu ambaye hakupita shuleni kuona kazi yake ikikatwa; kwamba "saa 8" ilikuwa saa nane. Atajua hayo akiwa bado mwanafunzi, wakati kosa linagharimu karatasi moja.

Mgonjwa naye ana nafasi katika jambo hili. Bango lililotundikwa zahanati ni sehemu ya huduma, na mwenye huduma ana haki ya kuuliza. Asipolielewa, amwombe muuguzi amweleze, na anapopewa dawa arudie kwa sauti saa atakazoimeza. Muuguzi anayesikia swali lile lile mara tatu kwa wiki asiwahesabu waulizaji kuwa wazito wa kuelewa. Amepata taarifa kwamba bango limekosewa, na taarifa hiyo ingefaa imfikie aliyelichora.

Kwenye njia ya zamani, mzigo haukuhesabiwa kuwa umesafirishwa kwa sababu ulifungwa vizuri Bagamoyo. Ulihesabiwa pale ulipofunguliwa Unyanyembe au Ujiji na kukutwa bidhaa zimo. Michoro ya afya inayotengenezwa vyuoni ipewe hesabu hiyo hiyo, na zana ya kuitengenezea ichaguliwe na mwalimu anayejua ni nani atakayeufungua mzigo huo.